Matundu ya Diski Yakijaa: Ununue Kadi au Utosheke na Ubao?

Fungua kasha la kompyuta yako kabla hujaenda mjini kuulizia kadi. Izime, chomoa waya wa umeme, laza kasha ubavu, kisha tafuta pembeni mwa ubao mama, ule mafundi wetu wanaouita karti meri, matundu madogo yenye umbo la herufi L. Yahesabu. Hesabu pia diski ulizo nazo na zile unazotarajia kuongeza mwaka huu. Nimeona watu hapa Lubumbashi wakinunua kadi ya kuongeza matundu huku matundu mawili ya ubao wao yako wazi, yamejificha chini ya kadi ya picha, au yamezimwa tu kwenye mipangilio ya BIOS. Hela ile ingewasaidia kununua diski nyingine.

Ninaandika haya nikimfikiria mpiga video za harusi wa Kamalondo, mtunza rekodi za kwaya wa Katuba, na mwenye kibanda cha kuwawekea watu nyimbo na filamu kwenye simu katika komini ya Kenya (mgeni asishangae, Kenya kwetu ni sehemu ya mji, tena yenye soko kubwa). Watu hawa wana diski nne, tano, sita, kwa sababu intaneti ni ghali na hakuna anayeweza kupandisha harusi nzima mtandaoni kila Jumapili. Kazi yao yote inakaa nyumbani, ndani ya kasha waliloliunga wenyewe kwa vifaa vya okazio, yaani vya mitumba. Kila wanaponiuliza, swali ni lile lile: diski zichomekwe kwenye ubao, au kwenye kadi?

Anza na ubao. Kadi inunuliwe kwa sababu mbili tu: matundu yameisha, au yamekufa. Na siku unapoichagua, usiulize kwanza kasi yake. Uliza: kadi hii ikifa, nani atazisoma diski zangu? Kipuri chetu kikitua bandari ya Dar es Salaam kina karibu kilomita 2,000 za barabara mbele yake, kivuke Zambia, kisha kisubiri kwenye foleni ya malori Kasumbalesa. Au kije kwenye begi la mtu anayerudi safari. Unaweza kungoja mwezi mzima, na ndani ya mwezi huo bwana harusi anadai video yake.

Tuelewane kwanza kidhibiti cha diski, kile kinachoyaongoza matundu ya ubao au ya kadi, ni nini. Mtu yeyote aliyewahi kupitisha mzigo Kasumbalesa anamjua wakala wa forodha, yule tunayemwita deklara. Mzigo hauvuki bila yeye: anapokea, anaandika karatasi, anakabidhi upande wa pili. Kidhibiti ndicho deklara kati ya prosesa na diski. Zamani alikuwa na ofisi yake mwenyewe. Kompyuta ya IBM XT ya mwaka 1983 ilikuja na diski ya megabaiti 10, na kidhibiti chake kilikuwa kadi nzima iliyokalia nafasi yake juu ya ubao. Miaka mitatu baadaye, kwenye Compaq Deskpro 386, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihamia kwenye diski yenyewe, na huko ndiko lilikotokea jina la IDE. Polepole kilichobaki kikaingizwa kwenye chipseti, ile chipu kubwa ya ubao. Kwa hiyo matundu ya SATA unayoyaona leo ni deklara aliyehamia ndani ya nyumba yako. Humlipi zaidi, hachukui nafasi ya kadi, na karibu kila mfumo wa uendeshaji unamfahamu bila kuomba programu ya ziada.

Watu huyadharau matundu haya wakidhani kadi ina kasi kuliko ubao. Piga hesabu. Diski ya kuzunguka hutoa megabaiti 150 hadi 200 kwa sekunde, na SATA ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2009, hubeba karibu 600 kwa kila tundu. Njia inayounganisha chipseti na prosesa kwenye mbao za Intel za mwaka 2011 na miaka michache iliyofuata hubeba takriban gigabaiti 2 kwa sekunde. Diski sita za kuzunguka zikikimbia zote kwa pamoja bado haziijazi. Kadi ya bei nafuu inayokaa kwenye nafasi fupi ya PCIe ya kizazi cha pili ina megabaiti 500 kwa makaratasi, kama 400 kwa kweli, na diski zako zote zinagawana hizo. Kadi ya PCI ya zamani, ile nafasi nyeupe ndefu ya mbao kuukuu, ina 133 tu kwa jumla. Kuna watu wanazihamisha diski zao kutoka njia pana kwenda njia nyembamba, na wanalipia.

Lakini matundu ya ubao si yote sawa. Mbao nyingi, hasa za miaka ya 2009 hadi 2013, zina matundu ya rangi mbili. Rangi moja ni ya chipseti. Nyingine mara nyingi inatoka kwenye chipu ndogo ya Marvell au ASMedia ambayo kiwandani waliibandika ili waandike idadi kubwa zaidi kwenye boksi. Hiyo ya pili ni kadi ya kuongeza, ila imeunganishwa kwa risasi badala ya kuchomekwa. Diski ya mfumo na diski za kazi ziweke kwenye chipseti. Chipu ndogo iachie kisomeo cha DVD au diski ya filamu za watoto. Kwenye mbao za karibuni kuna mtego mwingine: ukichomeka diski ya M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanaweza kuzimika kimya kimya, kwa sababu yanatumia njia ileile. Kitabu cha ubao hueleza ni yapi. Kama kitabu hakipo, chukua namba ya mfano iliyoandikwa juu ya ubao na ukipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji, ni faili dogo.

Kuna ubao mmoja wa okazio ambao lazima nikuonye. Tarehe 31 Januari 2011 Intel ilitangaza kwamba chipseti zake mpya za wakati ule, zile za mbao zinazoandikwa P67 na H67, zina kasoro: matundu manne ya SATA ya gigabiti 3 yangeweza kudhoofika kadiri miaka inavyokwenda. Matundu mawili ya gigabiti 6 hayakuguswa. Transista moja kwenye saketi inayoyaongoza yale manne ilikuwa haivumilii umeme iliopewa. Intel iliweka kando kama dola milioni 700 kwa kubadilisha na kutengeneza, na ikatoa toleo lililosahihishwa, linaloitwa B3. Mbao nyingi zilirudishwa, lakini si kila mtu duniani alirudisha ya kwake, na kitu kisichorudishwa huwa kinaingia kwenye biashara ya mitumba. Ukiuziwa ubao wa namba hizo, tafuta maandishi ya B3 kwenye boksi au kwenye kibandiko. Usipoyaona, tumia yale matundu mawili ya gigabiti 6, na hapo kadi ya kuongeza inakuwa na sababu ya kweli.

Tuje basi kwenye kadi. Usitazame boksi, tazama jina la chipu. ASMedia ASM1061 ina matundu 2 na inatosha kwa mtu aliyepungukiwa na tundu moja. JMicron JMB585 ina matundu 5, ASMedia ASM1166 ina 6, na zote mbili hutumia njia mbili za PCIe ya kizazi cha tatu, karibu megabaiti 1,900 kwa sekunde, zinazotosha vizuri kwa diski za kuzunguka. Ila hakikisha nafasi unayoichomeka ina njia hizo kweli, kwa maana nafasi ndefu inaweza kuwa na nyaya za njia moja tu ndani yake. Kadi za namna hii zinafuata mtindo wa kawaida wa AHCI. Diski uliyoitoa kwenye kadi ukaichomeka kwenye ubao inasomeka vilevile. Hapo ndipo lile swali langu linapopata jibu: kadi ikifa leo jioni, kesho asubuhi unaichukua diski, unaichomeka kwa jirani, unaendelea na kazi.

Jihadhari na kadi ndogo yenye matundu 10 au 16 kwenye kipande kifupi cha PCIe. Mara nyingi ndani yake kuna chipu moja ya matundu machache, kisha chipu nyingine za kugawanya. Diski moja ikikwama, nayo huwa inakwama ikizeeka, nyingine zilizogawana nayo tundu moja zinaweza kupotea nazo katikati ya kunakili.

Kwa mwenye diski nyingi zaidi, kuna kadi za seva za jamii ya LSI SAS2008: LSI 9211-8i, IBM M1015, Dell H200. Zina matundu mawili makubwa, na kila moja hutoa kebo nne, jumla diski 8. Ni kadi imara, na kwa okazio bei yake huvumilika. Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, programu yake ya ndani iwe ile ya kupitisha diski moja kwa moja, wenyewe wanaiita IT. Nunua iliyokwisha kubadilishwa kama unaweza. Ukibadilisha mwenyewe, usithubutu bila UPS, ile onduleri, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kadi inaweza isiamke tena. Pili, inachemka. Ilitengenezwa kwa seva zenye feni kali, na ndani ya kasha la nyumbani lililotulia, mwezi wa Oktoba, utaunguza kidole ukigusa bati lake la kupozea. Funga feni ndogo inayolipulizia. Tatu, kuna za bandia, nazo si chache.

Sasa nieleze kile ambacho sitaki kikupate. Nilipata kadi ya RAID iliyotolewa kwenye seva kuukuu, nikafurahi sana. Niliunga diski nne zikawa kama moja, nikazijaza. Usiku mmoja wa mvua, mwezi wa Januari, umeme ulikatika mara tatu na kurudi mara tatu. Asubuhi kadi haikuwaka. Diski zote nne zilikuwa nzima, nilizipima moja moja, hakuna iliyokuwa na jeraha. Lakini hakuna kompyuta mjini iliyoweza kuzisoma, kwa sababu kadi ilikuwa imezigawa data na kuziandikia karatasi kwa lugha yake. Ndani yake kulikuwa na video ya msiba wa baba wa jirani yangu, ambaye hana picha nyingine ya mzee yule akiagwa. Wiki saba zilipita ndipo kadi ya jamii ileile ikafika. Kila asubuhi nilipokutana na jirani kwenye lango aliniuliza, « Yaya, imekuja? » na mimi sikuwa na la kumjibu.

Huyo ndiye deklara anayeandika makaratasi kwa maandishi ambayo ni yeye tu anayeyajua. Akiwa hai, kazi inakwenda mbio. Akifa, mzigo wako unabaki mpakani ukiwa mzima, na huwezi kuugusa.

Kama unataka diski mbili ziandike kitu kimoja ili moja ikifa nyingine ibaki, fanya hivyo kwa programu ya mfumo wa uendeshaji. Kwenye Linux mdadm inafanya kazi hiyo, na diski zake zinasomeka kwenye kompyuta yoyote yenye Linux, iwe na kidhibiti gani. RAID inayowashwa kwenye BIOS ya ubao mimi siitumii: nayo inakufunga kwa jamii moja ya mbao, bila hata kukupa kasi ya kadi ya kweli. Muuzaji akikwambia kadi yake ya RAID ina kumbukumbu ya haraka ya megabaiti 512, muulize betri yake iko wapi na ina umri gani. Kumbukumbu hiyo hupokea data na kusema « tayari » kabla haijafika kwenye diski. Umeme ukikatika, betri ndiyo inayoilinda. Betri ya kadi ya okazio karibu kila mara imechoka. Kadi nzuri ikigundua hivyo inaacha kutumia kumbukumbu, na ile kasi uliyoilipia inaondoka. Kadi mbaya inaendelea.

Wala diski mbili zinazofanana si akiba. Ukifuta faili kwa makosa, inafutika kote kuwili papo hapo. Akiba ni diski ya tatu iliyochomolewa, inayolala nyumba nyingine. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huu, ambao wakati ule ulikuwa ukiitwa Élisabethville, kama walivyouishi waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu. Ilikuja kutoka kama kitabu mwaka 1990, kwa kazi ya Johannes Fabian, kwa sababu nakala ya maandishi yale ilikuwa imesalia. Video zako za harusi na misiba ni historia ya namna hiyohiyo. Zipe nakala.

Kuhusu umeme, usitenganishe shauri la kidhibiti na shauri la delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta kama ampea 2 kwenye laini ya volti 12. Diski sita zikiamka pamoja ni ampea 12, karibu wati 150 kwa sekunde chache, juu ya kile ambacho prosesa inakula. Saplai ya umeme nyepesi, ile inayouzwa pamoja na kasha, inayumba hapo, na mtu anadhani kadi mpya ni mbovu. Ingia kwenye BIOS uiamuru kompyuta ibaki imezimwa umeme unaporudi, kwa sababu dakika za mwanzo ndizo zenye volti za kupanda na kushuka. Iwashe mwenyewe baada ya robo saa. Radi zikianza, tangu Novemba mpaka Aprili, chomoa ukutani. Stabilizateri haizuii radi. Na vile viunganishi vya plastiki vilivyomiminwa vinavyogeuza plagi ya zamani ya pini nne kuwa ya SATA, viepuke kabisa. Nyaya za ndani yake hugusana, vinashika moto.

Kabla hujalaumu kidhibiti, shuku kebo. Hapa ndipo hela nyingi zinapotupwa bure. Tumia CrystalDiskInfo kwenye Windows au smartctl kwenye Linux, usome takwimu za afya ya diski. Namba 199 inahesabu makosa yaliyotokea data ikiwa njiani. Ikipanda huku namba 5 na 197, zinazohesabu madonda ya diski yenyewe, zimetulia kwenye sifuri, diski yako ni nzima. Badilisha kebo kwanza. Namba 199 hairudi sifuri, kwa hiyo iandike na uangalie kama inaendelea kupanda. Ikiendelea, hamisha diski kwenye tundu lingine. Ni hapo tu unapoweza kusema tundu limekufa. Vumbi letu jekundu la kiangazi nalo huingia kwenye nafasi za PCIe. Chomoa kadi, safisha meno yake kwa kifutio cha penseli na kitambaa kikavu, irudishe. Nimefufua kadi kadhaa kwa njia hiyo.

Diski ya mfumo usiiweke kwenye kadi. Baadhi ya kadi haziwezi kuwasha kompyuta, na hata zinazoweza huongeza kitu kimoja cha kuharibika kati yako na asubuhi ya kazi. Hakikisha pia ubao uko kwenye AHCI kabla hujasimika Windows, maana mbao za okazio mara nyingi zimeachwa kwenye IDE, na ukibadilisha baadaye bila maandalizi Windows inaweza kukataa kuwaka.

Ukienda kununua, beba flashi yenye Linux inayoweza kuwasha kompyuta. Muuzaji atakwambia, « Papa, hii ni orijinali. » Mjibu kwa upole kwamba unamwamini, na kwamba unaomba dakika tano za kuijaribu. Ichomeke kwenye kompyuta yake ya majaribio, washa kwa flashi yako, andika amri ya lspci. Jina la chipu litatokea kwenye orodha. Lilinganishe na alilokwambia. Kadi isipoonekana hapo, usiichukue kwa ahadi ya kurudishiwa hela.

Nyumbani, ipe usiku mmoja wa kazi kabla ya kuiamini. Chomeka diski isiyo na kitu cha thamani, nakili faili kubwa kwenda na kurudi hadi alfajiri, kisha tazama tena namba 199. Ikiwa imetulia, hamishia diski za kweli moja baada ya nyingine. Halafu chukua kipande cha karatasi, andika diski yenye namba fulani iko kwenye tundu lipi, jina la chipu ya kadi, na tarehe, ukibandike upande wa ndani wa mlango wa kasha. Atakayelifungua kasha hilo siku mambo yameharibika, umeme hakuna na tochi iko mdomoni, pengine hatakuwa wewe.